Uchambuzi wa kisa: mkoba wa Mlango Mmoja uliong'arishwa ukaharibika

Mkoba ni wa ngozi ya ng'ombe, wa kuning'iniza begani, upana sentimita 28, kimo 21, kina 8. Una mfuniko mmoja mkubwa unaoshuka mbele na kufungwa kwa kifungo cha shaba cha kuzungusha. Mwenye mkoba ni mwalimu wa sekondari upande wa Sengerema. Aliununua kwenye soko la mitumba la Mlango Mmoja, Mwanza, akautumia muhula mmoja kubebea madaftari, kisha likizo ilipofika akauweka kabatini ndani ya mfuko wa nailoni. Alipoutoa ulikuwa unanata mkononi na kunuka mafuta yaliyochacha. Ndani umeota ukungu wa kijivu. Mkanda umepasuka kwenye tundu la tatu, mshono wa ubavu wa kulia umeachia sentimita 6 karibu na kitako, na kuzunguka shina la kifungo kumejaa uji mzito wa kijani.

Alichokuja kuomba ni kidogo kuliko kilichohitajika.

"Fundi, shikamoo. Naomba uupige rangi tu urudi kama nilivyoununua."

"Marahaba, Mwalimu. Ulivyoununua ndivyo ulivyokuwa umeanza kuharibika. Nikipiga rangi juu ya haya mafuta, mvua za kwanza utaniletea tena."

Jibu hilo la fundi ndilo kiini cha kisa hiki. Wengi wakiona ngozi kuukuu hufikiria kuongeza kitu: rangi, mafuta, dawa ya viatu. Mkoba huu haukuhitaji kuongezwa chochote mpaka kwanza uondolewe vilivyopakwa sokoni. Kila tatizo alilokuja nalo mwalimu lilikuwa na mzizi mmoja, au lilizidishwa na mzizi huo huo, yaani mng'ao wa kuuzia: mafuta na dawa ya viatu ambavyo muuzaji aliupaka ili umeremete.

Tuanze na asili ya mkoba, maana matengenezo yote yanategemea ngozi ya aina gani iko mezani. Ndani, ukutani mwa nyuma, umeshonewa kipande cha ngozi chenye maelezo ya kampuni ya Coach ya New York na nambari ya tarakimu saba isiyo na herufi, mtindo uliotumika kabla ya katikati ya miaka ya 1990. Kampuni hiyo ilianza Manhattan mwaka 1941. Mwenye nayo wa baadaye, Miles Cahn, alitaka ngozi ya mikoba iwe kama ile ya glavu za mchezo wa besiboli, ambayo kadiri inavyotumika ndivyo inavyolainika. Mbunifu Bonnie Cashin, aliyeanza kuwafanyia kazi mwaka 1962, ndiye aliyeleta kile kifungo cha kuzungusha. Kwa fundi, historia hiyo ina faida tatu za moja kwa moja: ngozi ni nene na imeingia rangi mpaka kiini, ndani hakuna bitana, na chuma chake ni shaba ya njano halisi, si bati lililopakwa rangi ya dhahabu. Mkoba wa aina hii unavumilia mengi. Mkoba wa kisasa wenye karatasi ngumu ndani ya kuta, bitana ya gundi na ngozi iliyofunikwa utando wa plastiki hauvumilii hata nusu ya yanayoelezwa hapa. Asiyejua tofauti hiyo asiige hatua ya maji.

Uchunguzi ulichukua saa nzima, na saa hiyo ilikuwa na thamani kuliko dawa yoyote iliyofuata. Tone la maji liliwekwa sehemu nne. Chini ya kipande kinachoshikilia pete ya mkanda, mahali ambapo mkono wa muuzaji haukufika, tone lilinyonywa ndani ya sekunde kumi hivi na kuacha doa jeusi lililokauka lenyewe. Juu ya mfuniko, tone lilikaa limejikunja duara dakika tano bila kusogea. Maana yake ngozi ya asili iko wazi na inapumua, ila juu yake kuna tabaka. Pamba nyeupe yenye tone la spiriti ilipopitishwa kwenye mfuniko ilitoka na kahawia nzito ya dawa ya viatu. Sehemu iliyojificha ilitoa kahawia hafifu ya njano, ambayo ndiyo rangi ya mkoba wenyewe. Tofauti ya hizo pamba mbili iliwekwa pembeni ya meza mpaka kazi iishe, kwa sababu ndiyo kipimo cha kujua wakati wa kuacha kusugua.

Kisha kunata. Dawa ya viatu peke yake hainati hivyo, ni nta na ikikauka inakuwa ngumu. Kinachonata ni mafuta ya kula. Mafuta ya alizeti na ya pamba, ambayo Kanda ya Ziwa hayakosekani jikoni, yana tabia ya kushika hewa na kugeuka taratibu kuwa gamu. Ndiyo maana chupa ya alizeti iliyomwagikia pembeni huwa na ute usiotoka kwa maji. Kwenye ngozi mambo ni yale yale: wiki ya kwanza mkoba unameremeta na kulainika, mteja anaridhika, halafu mafuta yanaanza kuganda ndani ya vinyweleo, yanakamata vumbi na kuchacha. Mafuta hayo pia yana asidi inayoila shaba. Ule uji wa kijani kuzunguka kifungo si kutu ya kawaida ya unyevu. Ni sabuni ya shaba, yaani madini ya kifungo yakichanganyika na asidi ya mafuta, na kadiri mafuta yanavyochacha ndivyo uji unavyozidi kutoka.

Jaribio la mwisho lilikuwa la kujua ngozi ilitengenezwa kwa kromu, yaani dawa ya madini, au kwa magome ya miti. Kwa kawaida unaangalia ukingo uliokatwa: wa kromu una kiini cha kijivu kinachoelekea bluu, wa magome ni kahawia tupu. Hapa rangi imeingia hadi katikati, ukingo hausemi kitu. Basi kikakwanguliwa kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kwenye ncha ya ndani ya mkanda, kikatumbukizwa kwenye maji ya moto ambayo hayajachemka, kama nyuzi 80 hivi. Ngozi ya magome kwenye joto hilo hujikunja na kukakamaa. Hii haikujikunja. Ni kromu, au kromu iliyoongezewa magome kidogo. Matokeo hayo yaliamua mambo mawili: mkoba unaweza kuingia majini bila hofu kubwa, na herufi za jina ambazo mwalimu alizitaka haziwezi kugongwa moja kwa moja kwenye mfuniko. Tutafika huko.

Vidole vilipitishwa pia kwenye mikunjo kutafuta unga mwekundu. Ngozi za zamani sana za magome huoza na kutoa unga wa rangi ya matofali, na ngozi hiyo ikilowa imekwisha. Hapakuwa na unga.

Kazi ilianza na shaba, kwa sababu ule uji wa kijani ukilowa unasambaa na kupaka doa kwenye ngozi. Kijiti cha meno cha mti kiliuzungusha na kuutoa vipande vipande, kila kipande kikafutwa kwenye karatasi. Pini ya chuma haifai, inakwaruza shaba na kutoboa ngozi. Hapa ndipo wengi hukimbilia limau na chumvi. Ni kweli shaba inang'aa papo hapo, lakini chumvi inaingia kwenye nyuzi za ngozi chini ya kifungo, inavuta unyevu, na ndani ya miezi michache kijani kinarudi kikiwa kikali kuliko kwanza. Kilichotumika ni chaki iliyosagwa na kuchujwa kwa kitambaa chepesi, ikalowanishwa kwa spiriti kidogo mpaka ikawa rojo, na kusuguliwa kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti. Kipande cha plastiki kilichokatwa tundu katikati kilivishwa chini ya kifungo kuikinga ngozi. Shaba iliachwa na kivuli chake cha uzee. Hakuna sababu ya kuifanya ing'ae kama ya dukani wakati mkoba wote una miongo kadhaa.

Baada ya shaba, tabaka la dawa ya viatu. Tapentaini ya dukani kwa wauza rangi iliwekwa kwenye pamba, si kwenye ngozi, ikaminywa mpaka haitiririki, na kazi ikaenda eneo kwa eneo, upana wa kiganja. Pamba ikichafuka inatupwa. Ukiendelea na pamba chafu unahamisha uchafu tu, na hili ndilo kosa linaloonekana mara nyingi kwa wanaojifunza. Mlango na madirisha yawe wazi, na jiko la mkaa liwe mbali kabisa, maana mvuke wa tapentaini unashika moto. Mfuniko ulihitaji mizunguko mitatu, ubavu mmoja tu. Pamba ilipoanza kutoka na ile kahawia ya njano ya kipimo, mkono ulisimama. Kuendelea zaidi ya hapo ni kuiba rangi ya kiwandani.

Dawa ya viatu ilitoka. Mafuta yaliyozama yalibaki. Kuyanyonya, mkoba ulifunikwa kwa poda ya talki usiku kucha, asubuhi ikapigwa brashi, ikarudiwa mara moja. Kuna wanaotumia unga wa mahindi au wa muhogo kwa kazi hii. Unanyonya kweli, lakini ukibaki kwenye mishono ni chakula cha ukungu na wadudu, na mkoba huu tayari ulikuwa na ukungu.

Ukungu wenyewe unashughulikiwa nje ya nyumba, barakoa usoni, mkoba umeshikwa juu chini ili unachopiga brashi kianguke chini badala ya kurudi ndani. Kisha spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, ikapakwa ndani yote kwa kitambaa kilichokamuliwa, hasa kwenye pembe za mishono. Isitumike spiriti yenye rangi ya bluu au zambarau, inaacha doa. Tena ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, kwani spiriti hutoa rangi ya ngozi. Ukungu unahitaji hewa yenye unyevu wa takriban asilimia 65 kwenda juu. Mwanza wakati wa masika, kwenye kabati lililogusa ukuta, ndani ya nailoni, unyevu huo unapatikana bila shida.

Sasa maji. Mafundi wanabishana sana kuhusu kuuzamisha mkoba mzima, na hoja za wanaopinga ni za kweli: maji yanatoa mafuta ya ngozi, yanapanua mishono, na ngozi isiyofaa hurudi ikiwa ngumu kama mti. Kwa mkoba huu uamuzi ulikuwa kuzamisha, kwa sababu moja kubwa. Mafuta yaliyozama na ukungu ulioenea havitoki kwa kufuta juu juu, na ngozi ya wazi ukiilowesha sehemu moja inaacha mstari wa maji pale unyevu ulipoishia. Ikilowa yote kwa pamoja, mstari hauna pa kukaa.

Beseni la plastiki la lita 20, maji lita 10 ya uvuguvugu ambao mkono hausikii moto wala baridi, na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni ya mche haifai. Ina ukali wa magadi, wakati ngozi kwa asili yake iko upande wa asidi, na ukiivuta upande wa pili inavimba, inapoteza rangi na kukakamaa. Beseni la bati lililochubuka au karai la chuma pia visitumike, wala maji ya kisima yenye kutu. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome, au hata kuongezewa magome kidogo, ikikutana na chuma kwenye maji hutoa madoa ya bluu nyeusi yasiyotoka. Maji ya bomba ya Mwanza, yanayotoka ziwani, hayana ugumu na yanafaa.

Mkoba ulikaa dakika 12. Muda wote sponji laini ilikuwa ikipita ndani na nje, bila brashi. Maji yaligeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na juu yakaelea mduara wa mafuta unaometa rangi rangi, yale mafuta ya sokoni yakitoka. Ukasuuzwa mara mbili kwa maji safi. Maji ya tatu yalitiwa siki nyeupe vijiko viwili vya chakula kwa lita 10, dakika mbili tu, kurudisha ngozi kwenye asidi yake. Shaba ikafutwa papo hapo.

Kukausha ndiko kunakoharibu mikoba mingi iliyooshwa vizuri. Taulo lilibonyezwa, halikukamua wala kukunja. Ndani ulijazwa vitambaa vyeupe vya pamba mpaka mkoba ukasimama umbo lake, pembe za kitako zikasukumwa kwa vidole, mfuniko ukafungwa ukiwa bado mbichi ili ukumbuke mkunjo wake. Magazeti yasitumike, wino wake unahamia. Ukawekwa kivulini penye upepo. Jua la saa sita la Mwanza linakausha ngozi kwa nusu siku, na linachokausha kwa nusu siku ni gome. Kivulini ni siku tatu hadi nne, zaidi kidogo kukiwa na mvua. Vitambaa vya ndani vinabadilishwa asubuhi na jioni. Kipimo ni nyuma ya kiganja: ngozi ikiwa bado baridi kuliko hewa, ina maji.

Mlisho wa kwanza wa mafuta haukusubiri mkoba ukauke kabisa. Siku ya pili, ngozi ikiwa baridi kidogo lakini hailoweshi kitambaa, ulipakwa utando mwembamba, ili maji yanapotoka mafuta yachukue nafasi zao kati ya nyuzi. Ngozi ikishakauka na kukamatana, mafuta yanabaki juu. Mchanganyiko ulikuwa mafuta ya nyonyo sehemu tatu na nta ya nyuki sehemu moja kwa uzito, ukayeyushwa kwenye bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta ya nyuki inayeyuka karibu na nyuzi 62, hivyo hakuna haja ya moto wa moja kwa moja. Nyonyo imechaguliwa kwa sababu haigandi kama alizeti. Inabaki mafuta. Mkoba mzima ulichukua gramu 9 hivi, ikipakwa mara mbili, siku moja katikati. Watu wakiona kiasi hicho husema ni kidogo mno. Ni hicho hicho. Ngozi iliyolishwa kupita kiasi inalegea, inanyooka kwenye mkanda na haishiki gundi.

Hilo la gundi linatuleta kwenye mkanda, sehemu iliyohitaji kufikiriwa kuliko zote. Mwalimu anabeba madaftari ya darasa zima, na uzito wote unaishia kwenye jino moja la bizimu, ndani ya tundu moja. Tundu la tatu lilikuwa limevutika na kuwa yai, na ufa wa milimita 6 umetoka hapo kwenda ukingoni. Kabla ya kufika kwa fundi mkanda ulikuwa umeshatiwa gundi ile ya matone inayokauka haraka. Gundi hiyo inakuwa kioo, mkanda unapinda, kioo hakipindi, basi ufa mpya ulikuwa umezaliwa pembeni mwake. Gundi ilikwanguliwa kwa ncha ya kisu.

Njia tatu zilikuwepo. Kufupisha mkanda, lakini mwalimu ni mrefu na tundu hilo ndilo analotumia. Kutengeneza mkanda mpya, ambao ungekuwa imara, ila ngozi yenye rangi na unene ule haipatikani kirahisi, na mkoba ungepoteza sehemu yake halisi. Ya tatu, kuutia mkanda mgongo, ndiyo iliyochukuliwa. Kipande cha ngozi ya ng'ombe ya magome, urefu sentimita 12, kilipunguzwa unene hadi kama milimita moja, na ncha zake zikakonda polepole katika sentimita 2 za mwisho. Ncha ikiachwa nene, mkanda utavunjika hapo hapo ilipoishia. Upande wa nyuma wa mkanda ulikwaruzwa kwa msasa namba 120 na kufutwa kwa tapentaini ili usibaki na mafuta. Gundi ya fundi viatu ilipakwa pande zote mbili, tabaka mbili nyembamba, ikasubiriwa dakika 10 hadi 15 mpaka kidole kikigusa hakichukui kitu, ndipo zikakutanishwa na kugongwa kwa nyundo ya uso laini. Mkanda huu ulikuwa haujapata mlisho wa mafuta. Uliachwa makusudi mpaka gundi ishike.

Ukashonwa kuzunguka, milimita 3 kutoka ukingoni, mshono wa sindano mbili, tundu moja baada ya jingine kwa msharasi, chombo chenye ncha cha kutobolea ngozi, milimita 4 kwa kila hatua. Uzi ulitoka duka la nyavu, nailoni ya kusokotwa ya unene unaoandikwa 210/9, ukapitishwa kwenye nta ya nyuki mara tatu. Uzi wa mshipi, ule wa plastiki unaopitisha mwanga, haufai hata kidogo: hauna nyuzi ndani, unateleza, fundo linafunguka, na ukivutwa unakata ngozi kama waya. Mwisho matundu yakatobolewa upya kwa mtobo wa duara wa milimita 4 kupita tabaka zote mbili. Jino la bizimu sasa linavuta ngozi mpya, na ngozi ya zamani inabaki sura ya nje.

Mshono wa ubavu ulikuwa kazi fupi. Kanuni ni kupita kwenye matundu ya zamani yale yale, maana ukitoboa mapya kati yake ngozi inachanika kama karatasi ya stempu. Uzi wa kiwandani uliobaki mzima ulishonewa juu yake sentimita 2 kila upande wa sehemu iliyoachia, jumla sentimita 10, na uzi uliokatwa ulikuwa sentimita 60: mara nne ya mshono na ziada ya kushikia. Pembe mbili za kitako zilizochubuka zilipata rangi ya ngozi ya spiriti iliyozimuliwa, mara mbili kwa ncha ya pamba, basi. Mkoba mzima haukupigwa rangi. Hudhurungi yake ya njano ilikuwa imerudi yenyewe, ikiwa na mawimbi ya uzee ambayo hakuna brashi inayoweza kuyatengeneza, na kuyafunika kungekuwa hasara tupu.

Baada ya siku tisa hivi, ukingojea kazi ya mapambo, mfuniko uliota weupe mwepesi kwenye mkunjo usiku wa mvua. Hofu ya kwanza ni kwamba ukungu umerudi. Namna ya kutofautisha ni rahisi na kila fundi wa kando ya ziwa anapaswa kuijua: pulizia hewa ya joto kwa karibu, au laza kiganja hapo dakika moja. Mafuta yanayeyuka na weupe unapotea. Ukungu haupotei, na ukiutazama kwa lenzi una manyoya. Huu ulipotea. Ulikuwa nta iliyopanda juu kwa baridi, na kitambaa chenye joto kiliumaliza.

Mapambo sasa. Mwalimu alitaka vitu viwili: herufi zake, na kitu cha ziwa. Herufi hazikugongwa kwenye mfuniko, kwanza kwa sababu ngozi ya kromu haishiki alama, unagonga leo kesho imejaa, na pili kwa sababu alama kwenye mkoba wa aina hii haifutiki na inapunguza thamani yake akitaka kuuuza. Zikawekwa kwenye kitambulisho cha kuning'inia, sentimita 4 kwa 7, cha ngozi ya magome yenye milimita 2.5. Ngozi hiyo inaloweshwa kwa sponji, inaachwa mpaka rangi yake ianze kurudi kuwa nyepesi huku ikiwa bado baridi, ndipo chapa inagongwa pigo moja lililonyooka. Ikiwa mbichi mno herufi zinavimba, ikiwa kavu hazizami.

Kitu cha ziwa kikawa ngozi ya sangara. Viwanda vya minofu vya Mwanza vinabandua ngozi nyingi kila siku, na ikisafishwa magamba, ikatengenezwa kwa kromu au kwa dawa ya magome ya miwati, miti inayolimwa Njombe, inakuwa ngozi nyembamba isiyofikia milimita moja, yenye nguvu kuliko wembamba wake kwa sababu nyuzi zake zimepishana. Kipande cha sentimita 5 kwa 9 kilishonewa kwenye pedi ya bega inayovishwa kwenye mkanda na kutolewa, si kwenye mkoba. Kabla ya kushonwa kilibandikiwa kitambaa chembamba cha pamba mgongoni, la sivyo kinavutika.

Angalia mwelekeo wake. Pale magamba yalipokuwa pamebaki vifuko vidogo, na midomo yake yote inafungukia mkiani. Ukipitisha kidole kutoka kichwani kwenda mkiani ni laini. Ukirudi kinyume, kila kifuko kinanyanyuka na kushika kidole. Kwenye pedi, upande wa kichwa uliwekwa mbele, kifuani, na mkia nyuma, kwa sababu mkono wa anayevaa mkoba begani huteleza kutoka mbele kwenda nyuma anapoupandisha. Ingewekwa kinyume, vifuko vingenasa uzi wa blauzi, na ndani ya muda mfupi vingekuwa vimechanika.

Mwalimu alikabidhiwa mkoba na mfuko wa kitambaa cha pamba wa kuuhifadhia, na masharti machache: usikae kwenye nailoni, kabati lisigusane na ukuta, kitambaa kikavu mara kwa mara, mlisho mwepesi mara moja kwa mwaka kabla ya masika, na mafuta ya jikoni yasiuguse tena. Mkanda aulete utazamwe kila mwisho wa muhula, hasa ncha za ule mgongo.

Doa la wino wa kalamu ndani, chini ya kipande cha nambari, liliachwa kama lilivyo. Spiriti inalitoa, ila inalitoa pamoja na rangi ya ngozi, na upande wa ndani hauna uso wa kupokea rangi mpya bila kuacha kiraka. Mwalimu alilitazama akasema libaki, kalamu zake mwenyewe zitaongeza mengine.